Nazi Elfu Moja na Moja

Alhamisi, Mfungo Sita, 1955

Naandika nikiwa bado na hasira. Huyu Mzee Kombo, msimamizi wetu wa maulidi, ni mjinga au mwizi?

Nazi zimekuja elfu moja na moja, za kugawiwa wapishi wa mitaa saba. Yeye kazihesabu mbili mbili, kama wauza nazi wote wa Kariakoo. Mwisho ikabaki moja. Akatangaza, "Haigawanyiki hii! Kila mtaa mia na arobaini, basi."

Nikamwambia, "Mzee, kwa mbili ndiyo haigawanyiki. Kwa saba inaingia sawasawa, mia na arobaini na tatu kila mtaa." Nikamwandikia kwa mkaa sakafuni. Hata kwa kumi na moja inaingia, hata kwa kumi na tatu!

Akaifuta hesabu yangu kwa makubadhi yake. "Zuhura, wewe kakune nazi." Na wanawake wenzangu wakacheka. Hao ndio walioniuma zaidi, maana...

Basi. Zilizobaki, ishirini na moja, kazipeleka kwake kwa mkokoteni.

Ishirini na moja nayo, ukihesabu mbili mbili, inabakiza moja. Hakuiacha hata hiyo moja.