Sentensi Waliyoifuta kwenye Wasifu Wako

Dada yangu Mghoi,

Nina hasira, na mtu ambaye ningemmwagia hasira hizi amelala Bura chini ya udongo, kwa hiyo utanisikiliza hukohuko uliko. Ulikuwa unasema mimi nikikasirika naosha vyombo kwa kelele. Leo vyombo vyote vimeshaoshwa na bado sijatulia.

Kwanza nikiri kosa langu. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi yako niliuandika mimi, kwenye meza yako ya kusahihishia madaftari hapo Voi. Niliandika ulizaliwa wapi, ulisomea wapi, ulifundisha shule zipi, na jinsi ndoa ilivyokushinda ukarudi kwa baba na wanao wawili bila kuinamisha kichwa. Kisha nikaandika hivi: "Mwalimu Mghoi alianzisha kikundi cha wanawake waendesha baiskeli cha Voi, akawazungusha Taita yote hadi baharini, na ukiondoa watoto wake, hakuna alichokipenda zaidi." Niliipenda sana sentensi hiyo.

Baba Mdogo, ambaye walimfanya mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ya baiskeli toa," akasema. "Pastor atasoma mbele ya watu. Mwalimu mzima kuzunguka na taitsi kwa barabara, hiyo ni kitu ya kuandika?"

Akashuka hadi mwisho, akakutana na jina la ugonjwa. Hilo nalo akalipiga mstari, akasema saratani ya mlango wa kizazi haitajwi kanisani. Basi tukaandika kwamba umefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Miezi kumi na minne, Mghoi. Mimi ndiye niliyekupeleka kliniki Mombasa, mimi ndiye niliyekuogesha uliposhindwa kusimama, na mimi huyohuyo nikakubali kuandika muda mfupi.

Wenzako wa kikundi walikuwa wameomba kulisindikiza jeneza kwa baiskeli kutoka Voi hadi nyumbani, wakipita Mwatate polepole nyuma ya gari. Wakaambiwa haya si mashindano. Wakaja kwa basi, wakakaa kwenye viti vya plastiki nyuma kabisa, wakausikiliza wasifu wa mwanamke aliyeimba kwaya na kufuga kuku. Kuku waliruhusiwa.

Nakumbuka Jumamosi ile ulipoamua kunifundisha, kwenye uwanja wa shule yako. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, mama mzima. Ulishika kiti kwa nyuma ukakimbia nami huku ukiongea bila kunyamaza ili nijue bado umenishika. Baadaye nikagundua sauti inatoka mbali, kule kwenye magoli. Ulikuwa umeniachia zamani, ukabaki kupiga domo tu. Niliangukia kwenye michongoma nikakutukana kwa Kidawida, ukacheka hadi ukakaa chini.

Nakumbuka pia tulivyomkuta twiga katikati ya barabara ya ranchi kule Ndara, wanawake kumi na saba tukasimama foleni kama watoto wa chekechea tukimngoja aridhike. Na ile safari ya pwani, siku tatu kupitia Mackinnon Road na Kinango mpaka Diani. Sisi wa milimani tuliyaogopa maji, lakini wewe uliingia baharini na viatu vyako. Atieno, jirani yako wa kota za reli, yeye aliyekulia kando ya ziwa, aliyaonja akatema, akauliza ni nani ameyaharibu maji yote haya.

Ulikuwa na sheria moja ambayo tuliinung'unikia. Kabla ya kuingia kijiji chochote tulisimama kwenye kona ya mwisho, kila mmoja akatoa leso yake akajifunga juu ya taitsi, kisha tukasukuma baiskeli kwa miguu tukisalimia nyumba kwa nyumba. Hata kama jua ni la saa saba na tumekula vumbi tangu Maungu. "Tunapita kwa watu," ulikuwa unasema. "Hii barabara si ya mama yenu." Ndiyo maana Makwasinyi walitupokea vizuri, wakatuletea maji na mihogo ya kuchemsha, tukala pamoja nao kile kimanga chetu cha mihogo na maharage ya kuponda, kilichopoa. Mzee mmoja akauliza mabwana zetu wako wapi. "Wako nyumbani, wanalea," ukamjibu bila kutabasamu, naye akacheka hadi akatutafutia mkeka.

Miaka yote hiyo uliwafungia watu leso. Uliwaheshimu kwenye kila kona ya wilaya hii, hata wale waliotusema tukishapita. Ilipofika zamu yao kukuheshimu, siku moja tu, kwa sentensi moja tu, ikawa aibu.

Ningeweza kumeza hilo. Nimemeza mengi. Lakini wiki tatu baada ya mazishi Atieno alikuja kwangu akisukuma baiskeli ya kikundi, akaiegemeza ukutani, akakataa kukaa.

"Wakesho, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini mzee wangu amekataa. Anasema hiyo kiti ya baiskeli ndiyo iliharibu mwalimu tumbo ya uzazi."

Nikamuuliza nani amemwambia upuuzi huo.

"Si nyinyi? Kwa hiyo program ya mazishi mliandika kila kitu, mpaka kuku. Baiskeli mkaficha, ugonjwa mkaficha. Watu wameona. Kama baiskeli haikuwa na makosa, mbona familia ilificha?"

Nilibaki nimeshika kitasa cha mlango. Atieno hakuwa mjinga, alikuwa amesoma karatasi niliyoiandika mimi na kuielewa jinsi mtu yeyote angeielewa. Jumamosi iliyofuata, siku yetu ya kuendesha, tulijitokeza watano. Iliyofuata tukawa watatu, na mmoja wetu alikuja kutuaga. Ugonjwa ambao daktari alitueleza mara mbili kwamba unaletwa na virusi, na kwamba ukipimwa mapema unazuilika, sasa Voi nzima inajua unaletwa na kiti cha baiskeli. Na wanaume waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwafungia wake zao ndani siku ya Jumamosi wamepewa sababu, imechapishwa kwa rangi, ina picha yako juu.

Hapo ndipo hasira ilinipata hasa, na iliniingia mimi kwanza kabla ya kumfikia Baba Mdogo.

Mwezi uliopita familia ilifanya ibada ya shukrani kanisani Bura, kuwashukuru waliosimama nasi kwenye msiba. Nilipangiwa kuishukuru kwaya. Niliishukuru, kisha nikakitoa kile kikaratasi cha kwanza, chenye mstari wa Baba Mdogo juu yake, nikaisoma ile sentensi ya baiskeli kama nilivyoiandika. Nikautaja na ugonjwa, kwa jina lake lote. Nikasema hauletwi na kiti, hauletwi na taitsi, na hakuna mwanamke aliyeugua kwa sababu ya kuendesha baiskeli. Nikasema uliugua miezi kumi na minne na kwamba hukuenda kupimwa mapema kwa sababu uliona haya, wewe ambaye hukuona haya mbele ya mtu yeyote. Kisha nikarudi kukaa.

Nje, Baba Mdogo alinivuta kando. "Umetuvua nguo mbele ya kanisa," akasema.

Nikamwambia aliyevuliwa ni Mghoi, na tulimvua sisi wawili. Sijawahi kumjibu hivyo mtu wa rika la baba. Sikuomba msamaha, na hadi leo sijauomba.

Nilikuwa nimefika kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa niliposikia naitwa kwa sauti ya chini. Ni Mama Mdogo, mke wake. Unamjua alivyo, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema. Aliosha mikono muda mrefu, ingawa haikuwa na uchafu.

"Hiyo kipimo," akasema, "wanafanyia wapi?"

Nikamwambia. Akaniambia anatokwa na damu tangu kabla ya Pasaka, na hajamwambia mtu. Amefika kliniki mara mbili na kugeuka getini. Alikaa siku zote zile za msiba akipika chai ya kamati, Mghoi, kamati iliyolifuta jina la ugonjwa, na yeye amenyamaza na damu yake. Nilitaka kurudi kumtikisa yule mzee kwa kola ya shati.

Tulienda Alhamisi. Yeye alikuja kwa gari, sisi wa kikundi tulikwenda kwa baiskeli, na tulikuwa tisa, maana habari za ibada ile zilikuwa zimefika Voi. Atieno alikuwepo. Mumewe bado amekataa, na yeye alikuja hivyohivyo. Tulizifunga baiskeli kwenye ua wa hospitali tukakaa kwenye benchi mstari mmoja, tumekunja mikono. Mama Mdogo aliitwa wa kwanza. Walimwambia asirudi nyumbani kabla ya kumwona daktari mwingine, na wiki hii ameanza safari za matibabu Mombasa. Wanasema hajachelewa sana. Nilimuuliza kama naweza kumtaja kwenye barua hii, ambayo nitaitoa kila mtu aisome. "Andika," akasema. "Si mimi bado niko?"

Na mimi nilipimwa. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile michongoma, nikaingia. Majibu yangu hayajatoka, na yatakavyokuwa ndivyo yatakavyokuwa. Lakini jana niliketi tena kwenye meza yako, nikaandika wasifu wangu mwenyewe, ukurasa mmoja, nikautia sahihi. Baiskeli iko kwenye mstari wa kwanza. Nimempa Atieno auweke, na nimemwambia asimpe mwanakamati yeyote kalamu.

Pumzika, mwalimu wangu.

Mdogo wako,
Wakesho