Kikaratasi cha Namba Kumi na Saba

Woolwich, 9 Februari

Dada Mwende,

Hujambo wewe, na hilo goti lako la kushoto nalo halijambo? Mimi ni mzima, ila pua. Pua imekufa, na naomba isifufuke.

Umeniuliza mara tatu nimepata kazi gani hapa London, nami nakujibu "mambo ya nguo", ukadhani labda namshonea mfalme. Basi sikiliza. Nachambua mitumba. Ndiyo, cheka. Mwalimu Solomon, miaka hamsini na miwili na kitambi juu yake, anasimama kando ya mkanda unaotembea, na Waingereza wanamletea nguo walizochoka nazo. Wewe unaziuza soko la Kongowea, mimi niko huku kwenye chemchemi yenyewe. Na chemchemi, dada yangu, inanuka.

Jana nilishika pajama iliyoganda uji wa mwaka juzi. Soksi moja ilikuwa na plasta ndani, na kwenye plasta ngozi ya mtu. Kuna anayevua chupi aliyoivaa wiki nzima, anaitia kwenye mfuko, anaufunga kwa utepe kama zawadi, na anaamini amewasaidia maskini. Wiki ya kwanza nilitapika mara mbili. Ilona, mama wa Kihungari anayesimama mkabala nami, alinipaka mafuta ya mnanaa chini ya pua akanipigapiga mgongoni kama mtoto anayecheulishwa.

Wenzangu wengi ni Wahungari na Kiingereza kinawapiga chenga. Kila aina ya nguo ina kizimba chake kando ya mkanda, na sketi zilikuwa zinaangukia cha mashati. Msimamizi wetu Jeff, kijana wa kwetu kabisa, wa Nakuru, akaniambia, "Mwalimu, si ulikuwa unafundisha? Fundisha!" Basi mimi nikaandika Kiingereza, Ilona Kihungari, tukabandika ukutani. Nawe nakunakilia, na Kiswahili nimekuongezea bure:

Shirt, ing, shati.
Trousers, nadrág, suruali.
Skirt, szoknya, sketi.
Coat, kabát, koti.
Socks, zokni, soksi.
Knickers, bugyi, chupi ya kike.
Bra, melltartó, sidiria.
Pyjamas, pizsama, pajama.
Rag, rongy, tambara.

Hilo la mwisho ndilo muhimu. Uchafu wote niliokusimulia unaingia kizimba cha rongy, unakatwa vipande, unakwenda kufutia mashine viwandani. Haufiki Afrika. Hapo naweza kuapa.

Robota likikaribia kufungwa, aliyelichambua huweka juu kikaratasi chenye namba yake. Mimi ni kumi na saba. Ukikutana nacho, ujue ni mkono wa mdogo wako.

Mdogo wako,
Solomon

Kongowea, 22 Februari

Mdogo wangu Solo,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Goti linauma likijisikia. Watoto wazima, na mimi sijambo kwa uwezo wa Mungu.

Barua yako nimeicheka mpaka Mama Abdulwakil wa meza ya pili akaja mbio kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, nina ndugu aliyesoma miaka kumi na sita ili ashike chupi za Wazungu. Tukacheka wote wawili. Endelea kuniandikia hivihivi kwenye simu, barua ndefu, usinitumie vile vijisauti vyako vya kukohoa.

Yale maneno yako nimeyaandika kwenye kadibodi nikayatundika mbele ya meza. Sasa wateja wanakuja, "Mwende, hiyo kabát bei gani?" Yule mwenye meza ya viatu ameudhika kwa sababu yeye hakuandikiwa na mtu.

Na nimefanya jambo. Nimemwambia ajenti kwamba kuanzia sasa asiniletee robota lolote ila lenye nembo ya ghala lenu. Unajua siku ya kufungua robota kulivyo hapa: wanawake wanakuzunguka, kila mmoja amelipa apate kuchagua kwanza. Wananiamini mimi kabla hawajaona nguo. Nimewatangazia safu nzima, kumi na saba ni ndugu yangu, tumbo moja. Usiniaibishe.

Dada yako,
Mwende

Woolwich, 4 Mei

Dada,

Hujambo? Goti je? Nisamehe kimya. Baridi imeondoka, mafua yamebaki, na kitambi kinawasalimu.

Huku si kubaya. Kizimba cha rongy kimeondolewa, eti mnunuzi wa matambara amefunga biashara. Mambo ya wakubwa hayo. Ilona amelifuta neno hilo kwenye orodha yetu kwa kalamu nyekundu, akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Ni mtu wa hasira yule.

Nilikuwa nafikiri tu, labda ujaribu ajenti mwingine kidogo. Kubadilisha ni kuzuri, wateja wanapenda vitu vipya. Wala hakuna sababu. Ni wazo tu la mwalimu asiyejua biashara.

Mdogo wako,
Solomon

Kongowea, 19 Julai

Solomon,

Salamu zitangoja.

Jumamosi nimefungua robota la ghala lenu. Walikuwa wanawake kumi na wanne, wengine wametoka Mtwapa alfajiri. Tumekata kamba. Juu ni kamera tupu, zile za daraja la kwanza, magauni ambayo hata mimi nilitaka kuyaficha. Na kikaratasi, kumi na saba, mwandiko wako wa ubaoni. Nikakiinua juu. Mama Abdulwakil akapiga kigelegele.

Halafu tukaingia katikati.

Acha nikusomee kwa Kihungari chako, maana umenifundisha vizuri. Zokni, mfuko mzima, hakuna mbili zinazofanana, zimekakamaa kama dagaa. Melltartó yenye usaha uliokauka. Nadrág ya mtu mzima ambayo aliyeivaa alijisaidia humo ndani, na hakuna aliyehangaika hata kukung'uta. Bugyi sitazihesabu. Pizsama ya mtoto, ya bluu, na ndani yake nepi, Solo. Nepi imejaa. Imesafiri baharini, imekuja mpaka mezani kwangu kwenye joto hili. Mama Abdulwakil ndiye aliyeishika, kwa mkono mtupu, ule mkono wa kigelegele.

Harufu ilifika kwa wauza samaki. Wauza samaki wakalalamika.

Wakaniuliza, "Si huyu ndiye ndugu yako?" Nikasema simjui. Wakauliza tena. Nikasema ni mtu tu anayefanya kazi huko.

Kadibodi nimeichoma. Sasa niambie kitu kimoja. Uliposema nibadilishe ajenti, ulikuwa unajua?

Mwende

Kongowea, 2 Agosti

Umesoma. Alama mbili za bluu ninaziona.

Woolwich, 21 Septemba

Dada Mwende,

Sina haki ya kuuliza goti.

Nilijua.

Aprili, Jeff alisema matambara hayana mnunuzi tena na kuyatupa kuna gharama, kwa hiyo tuyashindilie katikati ya marobota, nzuri juu na chini. Ilona alimwambia hapana, kwa Kihungari, kisha kwa Kiingereza nilichomfundisha mimi. Jeff akanigeukia, akanichomekea Kiswahili kama mtu anayemnong'onezea ndugu yake: "Mwalimu, kwani nyumbani hakuna sabuni? Watu wetu hawachagui. Watafua." Nami mwenye ulimi wa kukutania wewe kila siku, nikainama kuokota shati lililofuata. Nikasema sawa. Usijiulize sana kwa nini. Niliogopa kuanza upya kwenye umri huu, basi.

Ile pajama ya bluu ninaikumbuka. Niliisikia uzito, nikajua kuna kitu ndani, sikufungua. Niliisukuma kwa kiwiko ili nisiiguse. Niliona kinyaa kuigusa, sikuona kinyaa kukutumia wewe. Nikaweka na namba yangu juu, kwa mazoea. Sijasoma kitu kilichonichefua kama hiyo sentensi niliyoiandika sasa hivi.

Barua yako ilipofika nilianza kuandika udhuru. Niliandika mara nne, kila moja ina kichekesho. Nikazifuta.

Halafu nikafanya nilichojua. Ilona alikuwa akisimama karibu na mashine ya kushindilia, anakohoa Jeff akikaribia. Mimi, badala ya namba tupu, nikawa naandika vikaratasi virefu. Nimepitisha marobota kumi na moja kabla Jeff hajafungua moja na kusoma. Alinifukuza kabla ya chai, na Ilona akavua aproni akanifuata hadi kituo cha basi, ananitukana njia nzima kwa kuchelewa.

Marobota hayo sijui yatafikia wapi. Siwezi kuyarudisha, wala lile lako.

Sasa nawatunza wazee mtaa wa Thornton Heath. Asubuhi namuosha Mzee Kanti, mzaliwa wa Kisumu, ambaye usiku mambo yanamponyoka. Nafua pizsama zake kwa mkono kabla hazijaingia mashineni. Ananitania kwa Kiswahili kizuri kuliko cha Jeff: "Mwalimu, leo nimekupa mtihani mgumu." Pua yangu imefufuka, nasikia kila kitu, na sijatapika hata siku moja.

Usinijibu kama hutaki. Mwombee msamaha Mama Abdulwakil.

Mdogo wako, ukikubali,
Solomon

Kongowea, 30 Novemba

Solo,

Goti linauma. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ulitaka kuuliza.

Msamaha wako nilikaa nao miezi miwili bila kuufikisha. Wateja waliohamia safu ya pili wengine hawajarudi, na sikuwa na moyo wa kukusemea kwa mtu.

Alhamisi Mama Abdulwakil alifungua robota lake. Ajenti ni yuleyule, nembo ileile. Mimi nilikuwa mezani kwangu, nimempa mgongo. Nikasikia kamba inakatwa. Halafu nikamsikia anasoma, polepole, maana miwani yake imevunjika mkono mmoja:

"Mama, simama hapo. Usitie mkono. Katikati ni tambara chafu, rag, rongy. Limewekwa makusudi, na mimi ni mmoja wa walioliweka. Usilifungue zaidi, mrudishie ajenti. Nisamehe. Kumi na saba."

Akasoma tena kwa sauti. Wakaja wa viatu, wakaja na wale wauza samaki. Wanawake wanne wakalibeba robota lile na kamba zake mpaka kwa ajenti, wakalitua mlangoni pake, wakakaa juu yake mpaka akakubali kulichukua. Nasikia jingine kama hilo lilirudishwa jana.

Tulipokuwa tunarudi, Mama Abdulwakil alikuwa amekishika kikaratasi. Akauliza watu wote, lakini macho yapo kwangu, "Hivi huyu kumi na saba ni nani?"

Nilifikiria ile nepi, Solo. Sikukuficha mwanzo, na sasa sikufichi, niliifikiria kwanza.

Kisha nikasema, namjua. Ni ndugu yangu, tumbo moja.

Dada yako,
Mwende