Picha Moja ya Mama Mwavita

Rumonge, Burundi
Tarehe 9 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Aliya,

Amahoro. Natumaini mu wazima huko Oslo, wewe na mwanao, na kwamba baridi haijawaelemea. Sisi tunapumua. Mguu wangu wa kushoto huuma mvua ikikaribia, na mwezi huu haijaacha kukaribia.

Kwenye simu uliniuliza mara mbili kuhusu picha ya mama yako, nami mara mbili nikageuzia maneno kwenye mazishi. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Unajua kwamba tangu niache redio nimejitia kwenye upigaji picha. Nilinunua Bujumbura kamera ya dijitali iliyokwishatumika, na kwa pete ya kuunganishia nikaifunga lenzi ya marehemu baba yako, ile ya studio yake. Lenzi hiyo haijiendeshi. Kila kitu ni kwa mkono. Ndiyo pekee iliyobaki. Picha zake zote ziliharibika mwaka ule ziwa lilipoingia nyumbani.

Pete ya kulengea ilikuwa imekwama. Nikampelekea Swedi, fundi wa cherehani. Akaitia mawese, kama tunavyofanya hapa kwa bawaba, kwa mnyororo wa baiskeli na kwa chochote kinachokataa kuzunguka. Ikazunguka. Nikamshukuru.

Mama Mdogo Mwavita, mama yako, alikuwa amekataa kupigwa picha tangu baba yako afariki. Simu za watu alizifukuza kama nzi. Alipoiona ile lenzi, akaenda kuvaa kitenge cha kijani.

"Hii kioo inanijua," aliniambia. "Wewe ndiye bado unajifunza."

Alikaa uani, mbele ya ukuta, ameinama kidogo, mikono magotini. Nikalenga macho yake tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha nikazungusha pete nyingine kulibana, ili uso na mikono vyote vitoke vizuri. Tundu likibanwa, unachokiona ndani ya kamera hupungua mwanga. Hakikupungua. Niliona, nikadhani ni ukali wa jua. Kumbe mawese yalikuwa yamepenya ndani na kuvigandisha vibamba vinavyolifunga tundu. Pete ilizunguka bure, na tundu likiwa wazi hivyo, kinachotoka safi ni kile tu kilicho kwenye umbali uliolengwa. Kabla sijabonyeza akanyoosha mgongo hadi ukutani, kama baba yako alivyomzoesha, uso ukarudi nyuma ya pale nilipolenga.

Baada ya mlio mmoja akasimama. Nikamwomba akae tena.

"Baba Aliya alipigaka moja tu," alisema, akaingia jikoni.

Sikumbishia. Enzi za filamu ilikuwa hivyo, na yeye ni mkubwa wangu. Isitoshe, kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilionekana safi. Siku tisa baadaye tulimzika.

Jumatatu nimeifungua kwenye kompyuta ya Jephté, anayechapisha picha karibu na soko. Mikono iko wazi: kovu la kisu kwenye kidole gumba, bangili, hata nyuzi za kitenge magotini. Uso ni ukungu. Jephté akasema simu yake inaweza kumtengenezea macho.

"Macho ya nani?" nikamwuliza.

Akaichapa kama ilivyo.

Hakuna nyingine. Nimeuliza kwa Salima kule Gatete na kwa jamaa wa Bugarama. Usimlaumu Swedi. Dalili niliiona mimi, nikaipita.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Mwanao akiuliza sura ya bibi yake, usimwambie ni hiyo. Mwonyeshe mikono. Mikono ni yake kweli.

Salima anakusalimu, na Hamidou pia, ambaye sasa haoni vizuri lakini amenisisitiza nikuandikie jina lake. Mbusu mtoto. Mungu amlaze mama yako pema, na wewe akupe subira huko uliko mbali nasi.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Assumani