Kopa Tatu na Kikapu cha Senene

Dada Paskazia,

Huku Rubya ni mvua na panzi wetu watamu, senene! Jana tulicheza karata za briji, wawili kwa wawili, kwa sharti kwamba washindwa wanyonyoe senene. Mwenzangu alikuwa mwalimu mgeni kutoka Ijumbi. Nikafungua dau kwa kopa moja, akajibu shupaza moja, nikaruka hadi kopa tatu, yaani nina karata nzito, endelea. Yeye akapita, hakuongeza dau!

"Ulivyoruka, nikajua unanizuia nisiendelee," akasema.

Kumbe hatukupatana lolote kabla ya kukaa mezani. Wapinzani wetu wakatushinda. Tukanyonyoa kikapu kizima huku tukipatana maana ya kila mruko. Tulipomaliza kupatana, washindi walikuwa wamekwisha kuwakaanga senene, wamewala, na sufuria wameikomba.

Mungu akutunze, wala usimpe mtu kiti changu mbele yako kwenye meza ya briji. Wewe nikiruka, unaruka nami.

Kaka yako,
Leopoldi