Mkono wa Wifi Romana

Jumapili, 4 Agosti 1996

Nestori ameamua. Bila kuniuliza! Wa kunisindikiza hospitali ni dada yake, Romana. Romana yuleyule. Niliposikia nimeacha kula nikaingia chumbani, na humu ndimo ninamoandika. Wenyewe wako uani wanamalizia ugali kama hakuna kilichotokea.

Nianze na daktari. Yule wa macho aliyepita hospitali ya wilaya amenichungulia jicho la kulia, hili moja nililobaki nalo. Anasema limeumbwa sawa na mwenzake. Maji ya ndani ya jicho yana mlango mwembamba wa kutokea, na siku yoyote mlango unaweza kujifunga, presha ya jicho ikapanda, nikapofuka kulia kama nilivyopofuka kushoto. Tiba yake siyo kisu. Ni mwanga — leza. Unatoboa kitundu kidogo mno ndani ya jicho ili maji yapate njia nyingine. Mashine haipo huku kwetu Mpanda, ni safari ya treni na basi. Na lazima uwe na mtu, kwa sababu baadaye kuna dawa ya matone, na mwenye jicho moja kujitilia mwenyewe ni shida.

Halafu mtu mwenyewe awe Romana!

Mwaka jana, wakati wa palizi, niliamka jicho la kushoto jekundu, kichwa kinapasuka, natapika. Nestori alikuwa Kaliua kwa kazi za reli. Romana alikuwa ananyonyesha kitinda mimba wake. Akanilaza, akanikamulia maziwa yake jichoni, akaongeza maji ya majani aliyoyachuma nyuma ya zizi. Nikamwambia nipelekeni hospitali. Akasema tulia wifi, jicho la mama lilipona hivihivi. Kesho yake tena maziwa. Keshokutwa tena. Nilipofikishwa hospitali jicho lilikuwa limeshakufa. Daktari alisema siyo maziwa yaliyoliua, ni kuchelewa. Haya. Na nani alinichelewesha?

Hajawahi kuniomba radhi. Analeta mboga. Tangu siku ile mpaka leo ananiletea mboga! Kisamvu, matembele, mlenda. Nawapa kuku.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemwambia Nestori dada yangu Immaculata ndiye atakayenisindikiza. Akaniuliza kama nimesahau kwamba Immaculata amejifungua juzi. Sijasahau. Nilitaka tu aone kwamba nina watu.

Sokoni Kashaulili, ninakouzia mchele, kila mtu amekuwa daktari. Mzee Seleman wa duka la vitenge anasema jicho linatolewa, linaoshwa kwenye kisahani, linarudishwa. Shemeji yake alioshwa hivyo. Mwuza dagaa akadai wakikosa kulisafisha wanakuwekea la mbuzi. Mwingine, hata simjui, amekuja kununua kilo moja tu, akanipa na habari kwamba mwanga ule ukipotea njia unachoma ubongo na mtu anabaki anacheka peke yake. Nikamjibu bora kucheka peke yangu kuliko kuwasikiliza nyie. Akaondoka na mchele wake amenuna.

Lakini naogopa. Humu naweza kusema. Nikipiga chafya mashine ikiwa jichoni, je? Nikipepesa? Wanakulaza usingizi au unajionea kila kitu? Na moshi wa kuni, nitarudi jikoni au ndiyo basi? Jana mama mmoja amerudisha mchele, meno yake yamekutana na changarawe. Mchele wa Majimoto, mzuri, ila unataka jicho la kuuchambua. Zamani jiwe nililiona likiwa bado ungoni kwa jirani. Sasa natafuta kwa vidole. Nikilipoteza na hili, nitakaa uani kwa Romana nikisubiri mboga.

Hapana!

Jumamosi, 10 Agosti

Ndani ya treni. Mwandiko unaruka.

Romana amekuja na sufuria, kuku wa kuchemsha, mihogo, chupa ya chai, na mdomo wake. Ameshajua habari za behewa zima. Ananikatia paja la kuku, ananiwekea mkononi kama mtoto. Nimelila. Njaa haina kiburi. Lakini asante sijasema.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumefika. Vumbi la basi limeingia mpaka kwenye daftari. Wasindikizaji wana banda lao nyuma ya hospitali, mnapika kwa mafiga nje, mnalala kwenye mikeka. Mkeka wake ameutandika karibu na wangu. Nimesogeza wangu.

Jumanne, 13 Agosti

Leo maelezo. Tumekaa kwenye benchi, wagonjwa watupu, wasindikizaji wakafukuzwa nje. Afadhali, nimepumua. Nesi ni binti anaitwa Amira, sauti ya upole ila haongei mara mbili.

Mzee mmoja Msukuma, Nkwabi, naye wa presha ya jicho, ndiye aliyetusaidia. Hana aibu. Ameuliza yote niliyoogopa kuuliza. Mnalitoa jicho? Halitoki. Mnalaza mtu? Hapana, unakaa kwenye kiti, unatiwa ganzi ya matone. Nikikohoa? Sema kabla, daktari ataacha. Inaunguza? Inachoma kidogo, haikai. Nitaona vizuri kuliko sasa? Hapo Amira akasema hapana. Leza hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki.

Nimelimeza hilo neno kama kidonge bila maji. Kwa hiyo kushoto ni basi. Nilijua, lakini kumbe kuna sehemu ndani yangu ilikuwa haijui.

Kisha akatuonyesha kichupa cha dawa. Hii inasinyaza mboni, akasema. Ukitiwa utaona giza kama jioni imeingia mchana, na paji la uso litauma. Usitishike, siyo upofu, dawa ikiisha nguvu mwanga unarudi. Watu wengi hawaelewi, wanakimbia wakipiga kelele. Mzee Nkwabi akacheka akasema yeye atakimbia bila kelele.

Nimetoka nje, Romana anauliza wamesema nini. Nimemwambia wamesema kesho.

Jumatano, 14 Agosti

Imekwisha! Yaani ni hivyo tu?

Kidevu kwenye kibao, paji limebanwa na mkanda, kioo kimebandikwa jichoni. Daktari ananiambia tazama pale, usihame. Nikatazama. Mwanga mkali, mlio mdogo — ta! — na kitu kama sindano kikanidunga ndani kabisa, pasipofikika kwa kidole. Tena. Tena. Nikashika kiti. Nilikuwa namwomba Mama Maria na kumtukana Romana kwa pamoja, sijui lipi lilifika.

Na bandeji hakuna. Nimetoka kama nilivyoingia. Nani Mpanda atasadiki? Watasema nilikwenda kutembea. Romana mwenyewe amenizunguka ananitazama, akauliza kama wamenifanyia kweli.

Ukungu. Kila kitu kina ukungu, na giza la dawa juu yake. Amira anasema ni kawaida, kutatulia. Dawa kutwa mara nne mpaka Jumatatu nitakapotazamwa tena. Asubuhi watanitilia kliniki, matone mengine tutie wenyewe. Chupa ni hii moja, nyingine hamna. Na msipotia, akasema, presha inaweza kupanda kabla kitundu hakijatulia. Alikuwa anamwambia Romana hayo, akampa na chupa. Nimeinyakua mkononi mwake.

Romana akasema, wifi, nipe nikutilie.

Nikamwambia, "Mkono wako hauligusi jicho langu tena."

Watu bandani walisikia. Romana akageuka akachochea moto.

Jioni nimetiliwa na mke wa mzee Nkwabi. Vidole vyake vinanuka samaki lakini havina historia.

Ijumaa, 16 Agosti

Kina Nkwabi wameondoka jana, wao wameruhusiwa. Tangu hapo najitilia mwenyewe.

Yaani natia shavu. Nainua chupa juu ya jicho, na jicho lenyewe ndilo ninalolitegemea kuiona chupa, na chupa ikikaribia sana haionekani. Tone sikioni. Tone puani. Moja limeingia mdomoni, chungu! Romana anakaa palepale anachagua maharage, hatazami. Najua anatazama.

Jicho limeanza kuuma. Siyo paji, jicho. Uchungu naufahamu, ni binamu wa ule wa mwaka jana. Nimekaa nimejishika kichwa nikisubiri kutapika. Sikutapika, ila siku nzima nimekuwa nikijipima.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi kliniki. Amira ameinua chupa kwenye dirisha akaona ilivyobaki. Akaniuliza dawa imeenda wapi. Nikasema inaingia. Akanifungua jicho kwa vidole viwili, akamwita daktari, daktari akapima. Presha imeanza kupanda. Amira akaniambia bila kupaza sauti: mama, usipopata mkono wa kukutilia utarudi kwenu umeshikiliwa fimbo. Kisha akauliza msindikizaji wako siyo yule mwenye kilemba cha njano? Mbona anaonekana mtu mwenye akili.

Mwenye akili!

Nimerudi bandani. Nilikaa kwanza. Nikajaribu tena mwenyewe, mara moja, likadondoka kwenye kola. Chupa imebaki chini kabisa, ukiitikisa unasikia. Basi nikamwita Romana.

Akaja anafuta mikono kwenye khanga. Akaenda akanawa tena kwa sabuni bila kuambiwa. Akapiga magoti mbele yangu. Nilipouona mkono ule unakuja nimerudi nyuma mpaka kichwa kikagonga ukuta. Ni mkono uleule. Ile pete ya shaba ya mama yao bado ipo. Mwili wote ulikataa.

Nikasema, "Anza na lako."

Akasimama na chupa hewani. Nilidhani atakasirika, nami nilitaka akasirike, tumalizane mbele ya watu. Hakukasirika. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu:

"La kulia au la kushoto?"

Nikasema la kushoto.

Akainua uso, akajitilia. Tone moja, safi, halikumwagika hata kidogo. Akapepesa akaniangalia: haya, umeona. Kisha akaja kwangu. Alinishusha kope kwa kidole chepesi, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala, na tone likaingia lilipotakiwa kuingia. Akanibana pembeni ya pua kama Amira alivyomwonyesha. Nikafumba. Machozi yakanitoka, nikasema ni dawa.

Nimetoka kukaa juani, ukutani, ndipo herufi zinaonekana. Naziandika kubwa. Uchungu umepungua, au nautamani upungue. Romana alirudi kwenye sufuria.

Halafu nikamwona ameacha mwiko. Amefumba jicho la kulia kwa kiganja. Amelifumbua. Amefumba la kushoto. Amerudia la kulia. Akatazama juu kama anatafuta wingu, na wingu hakuna, ni Agosti.

Akaita, "Wifi. Mbona pameingia giza?"

Nilikuwa najua. Nilijua tangu Jumanne, benchini, yeye akiwa nje. Lakini nilipomwambia aanze na lake sikulikumbuka hilo — nadhani sikulikumbuka. Nilitaka tu aogope kidogo. Sasa ameogopa kweli, na mimi nimefurahi. Naandika kama ilivyo. Nimefurahi.

Ameacha moto unawaka bure. Anakuja kwangu anapapasa ukuta, na jicho la kulia analo zima kabisa, lakini hofu haimwachii alitumie. Ameinama usoni kwangu nimtazame. Nimemtazama. Mboni yake imesinyaa kama mbegu ya ulezi. Anasema paji linauma. Anasema hili la kushoto ni kama jioni. Anauliza dawa imekosewa? Watoto wake je? Kalamu naiendesha ili nionekane nina kazi.

Sasa ameketi chini, pembeni ya miguu yangu, kichwa ameegemeza ukutani. Ametulia. Ameanza kusema polepole, haniangalii.

Anasema, "Na wewe siku ile ilianza hivi?"

Toka mwaka jana nasubiri hilo swali. Nimeliota. Nilikuwa na majibu yake, marefu, yenye miiba, niliyapanga wakati wa kuchambua mchele. Sasa limekuja. Nina maneno ya Amira tu, machache: siyo upofu, mwanga unarudi. Yako hapa mdomoni.

Sufuria inaungua. Maharage yananuka mpaka huku. Wala yeye hainuki, wala mimi.

Tone la jioni bado, na kujitilia siwezi. Chupa ameishika yeye, ameikumbatia kwa mikono miwili isimwagike. Ameniuliza tena.

Namalizia mstari huu kwanza.