Namba Yako Ilikuwa ya Mwisho

Chumba cha Kompyuta,
Maabara ya Vinasaba,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. U hali gani? Magoti yanaelewana na ngazi za nyumba yenu? Sisi tu wazima. Mke wangu anakohoa kidogo, na mtoto ameanza kutembea, kwa hiyo hakuna kikombe kilicho salama.

Juma hili nimekupigia mara mbili, ukapokea, nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Mwoga mimi, unanijua. Basi naandika, na binamu anayesafiri kesho atakukabidhi barua hii mkononi.

Unakumbuka ile kazi niliyojivunia mpaka ukaniambia nipumue? Ni kiolesura, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kusoma na kuandika mifuatano ya vinasaba, mtu mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza kuandika, lazima uamuru faili ifungwe. Usipofanya hivyo, maandishi ya mwisho hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kupotea. Amri hiyo niliisahau.

Sampuli yako ya damu, yenye namba badala ya jina, niliiweka mwisho, wenzangu wasije wakasema napendelea ndugu. Programu inayotafuta ile hitilafu iliyomletea mama uvimbe wa utumbo hutaja wenye nayo tu. Namba yako haikutajwa, nami nikakimbilia simu kukuambia huna. Ukacheka: "Mdogo wangu, leo nalala fofofo!" Kisha ukafuta miadi yako ya kipimo cha utumbo.

Jumatatu nililinganisha faili mbili kwa shughuli nyingine kabisa, nikaona moja ni fupi. Hukutajwa kwa sababu hukuwemo. Nikasahihisha, nikarudia.

Unayo, Dada. Nisamehe. Uso wangu sijui niuweke wapi. Kosa la kazini ningelibeba, lakini nilikupa furaha ambayo sikuwa na haki ya kuitoa.

Daktari wetu amehakikisha, na barua yake imo humu. Anasema, "Kuwa nayo si kuugua. Ila akapimwe upesi, uvimbe ukiwahiwa unatolewa." Tafadhali rudisha miadi hiyo, usingoje hasira zikuishe.

Msalimie shemeji na wapwa zangu, hasa yule mbishi. Mungu akufunike kwa rehema zake.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Hata kama ni kunitukana, piga.

Mdogo wako akupendaye,
Kibogoyo