Mikunga Wako, Hesabu Yangu

Kwa mdogo wangu Torkel,

Pokea salamu kutoka huku Skåne. Natumaini wewe na wifi Kirsten mu wazima, na goti lako halikusumbui kwa baridi hii. Mimi nipo, ila bega ni lile lile. Tangu nilipoteleza mashuani halikubali kuvuta hata wavu mtupu.

Wiki iliyopita tuliitwa mjini Kristianstad, wavuvi wa mikunga wa Sweden na Denmark. Nilifuata kahawa na mikate ya mdalasini, usinicheke. Mtafiti mmoja, binti aitwaye Hedvig, akatuonyesha ukutani mchoro wenye mstari wa mikunga wanaovuliwa kila upande. Wa kwenu Denmark, huko Bornholm, unateremka mwaka hadi mwaka. Wa pwani yetu umetulia tuli, na sehemu kubwa yake ni hesabu yangu. Hedvig akanishika mkono mbele ya watu akasema, “Mama Ingalill, wewe ndiye unayetutia moyo.” Wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama bibi harusi.

Kisha mwenyekiti akasema kwamba kwa hesabu hizo ninyi mmeikomba bahari, na majira ya kuchipua yakifika uvuvi wa Bornholm utafungwa. Jirani yako Mogens akaniuliza sisi tunatumia dawa gani. Nilikosa pa kutazama.

Torkel, unadhani mikunga unaoniletea kimyakimya ni wa kujazia karamu za mikunga ninazowaandalia wageni kila vuli. Si wa kujazia. Mwaka wa tatu huu sijatega wavu. Kibali chetu unakijua, hakirithiwi wala hakiazimwi, na asiyevua hunyang'anywa. Niliona haya kuwa mimi ndiye nitakayezima jiko la kibanda cha uvuvi cha baba, nikaandikisha mikunga wako kuwa wangu. Nikisema, kibali kimekwenda, nawe utaulizwa kwa nini hukuwaandikisha kwenu. Nikinyamaza, wanakufungia bahari. Maji yamenifika shingoni, na usingizi nimeusahau.

Basi nimechagua. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshakwenda kwa Hedvig. Nitalitaja na jina lako, maana bila hilo mstari wenu hautainuka. Faini watakutoza, najua. Nikasirikie utakavyo, lakini unikasirikie ukiwa bado mvuvi.

Nisalimie wifi, na umwambie sweta ya sufu aliyonitumia imenitosha vizuri. Mikunga usilete tena. Njoo mwenyewe, tule viazi.

Ni mimi dada yako,
Ingalill